Kiasi Mezani

Mtu akirudi kwao baada ya mwaka mmoja wa kazi mjini, naye amenenepa, majirani humlaki kwa shangwe: "Umependeza! Mji umekupokea." Akirudi mwembamba, hata kama ni mzima kabisa, hushikwa mkono kwa huruma na kuulizwa kwa sauti ya chini: "Una nini, ndugu yetu?" Maneno haya sote tumeyasikia, na wengi wetu tumeyasema. Ndani yake mna wazo moja, kwamba unene ni baraka na wembamba ni msiba. Leo twapenda kuliangalia wazo hilo kwa mwanga wa imani na wa elimu ya afya, kwa kuwa limekwisha kuzigharimu nyumba nyingi.

Hatusemi kwamba wazee wetu walikuwa wajinga. Katika nchi iliyoijua njaa, mwili ulionawiri ulikuwa shahidi wa mvua njema na wa ghala lililojaa. Tena katika miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipokuwa ukiwamaliza watu wetu, kukonda kulileta hofu kubwa. Huko Uganda watu waliuita ugonjwa wenyewe "Slim", yaani mwembamba. Mtu aliogopa kupungua hata kidogo, asije akanyooshewa kidole. Basi wazo lile la kale likapata nguvu mpya, nalo limekaa mioyoni mwetu mpaka leo.

Lakini tazameni hali ilivyo. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 22 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wamefika 28. Wala wanaume wasicheke, maana kitambi chao wakiita heshima. Mwili ukipewa chakula kuliko unachokitumia, huweka ziada iwe mafuta, na mafuta yanayojaa tumboni ndiyo yenye hatari zaidi. Hudhoofisha kazi ya insulini, ambayo ndiyo inayoingiza sukari ya damu katika sehemu za mwili. Hapo huzaliwa kisukari cha ukubwani. Shinikizo la damu nalo hufuata njia hiyohiyo, na nyuma yake huja kiharusi, maradhi ya moyo na kuharibika kwa figo. Tumewaona akina baba waliokatwa mguu kwa sababu ya kidonda kisichopona. Tumeziona familia zilizouza shamba na ng'ombe ili kulipia matibabu, na watoto walioacha shule kwa sababu ada imekwenda hospitali. Je, hilo si jambo la kuzungumzwa kanisani na nyumbani?

Kosa letu lilianza wapi? Sisi twaona lilianza hivi. Babu aliamka alfajiri, akashika jembe mpaka jua la utosi, akatembea mwendo mrefu kwenda mnadani na kurudi. Alipokaa kula alikula mlima wa ugali, naye aliustahili, maana mwili ulikuwa umeudai. Mjukuu wake leo hupanda basi asubuhi, huketi kitini mchana kutwa, hurudi kwa pikipiki, kisha huketi tena mbele ya televisheni. Hata hivyo mlima wa ugali ni uleule. Juu yake ameongeza soda, chipsi mayai na vitumbua, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Tumeliacha jembe, lakini sahani ya jembe hatukuiacha.

Mababa wa Kanisa waliijua hekima ya jambo hili zamani sana. Mtakatifu Benedikto, alipowaandikia wamonaki wake kanuni katika karne ya 6, alitenga sura nzima juu ya kipimo cha chakula. Aliwawekea aina mbili za chakula kilichopikwa, ili asiyeweza kula kimoja ale kingine, na ratili moja ya mkate kwa siku. Kisha akampa abate ruhusa ya kuongeza ikiwa kazi ya siku hiyo imekuwa nzito. Watoto aliwapa kipimo kidogo kuliko wakubwa. Huyo mtakatifu hakuwaua watu kwa njaa, wala hakuwaacha wale kila mmoja apendavyo. Alipima chakula kwa kazi na kwa mtu. Kuliko yote alikataza kwa nguvu jambo hili: kushiba kupita kiasi, ambako alisema hakumfai Mkristu.

Mtu aweza kusema: "Mimi si mlafi. Mlafi ni yule alaye sufuria nzima." Amjibu Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa tangu mwaka 590 hadi 604. Yeye alifundisha kwamba ulafi una njia tano, na Mtakatifu Toma wa Akwino akazipanga tena katika karne ya 13. Njia ya kwanza ni kula kabla ya wakati: yule apitaye jikoni na kudokoa, na yule anunuaye karanga na biskuti kila basi lisimamapo. Ya pili ni kutaka vya gharama: yule akopaye ili nyama choma isikose mezani mwa wageni. Ya tatu ni kula vingi mno, na hiyo ndiyo pekee tuliyozoea kuiita ulafi. Ya nne ni kula kwa pupa, bila kutafuna, macho yakiwa yamekwisha kwenda kwenye chungu. Ya tano ni kudeka katika mapishi: yule asemaye mchicha ni chakula cha maskini, na asiyekubali ugali wa dona kwa kuwa si mweupe. Ndugu wasomaji, tukijipima kwa mizani hiyo, ni nani miongoni mwetu atakayesimama? Sisi tunaoandika hatusimami.

Basi dawa ni nini? Wengi hukimbilia dawa za haraka. Hununua vidonge na chai za kupunguza mwili ambazo hawajui zimetengenezwa na nini, au hujinyima chakula juma zima, kisha juma la pili hurudi mezani kwa hasira na kunenepa kuliko mwanzo. Hao wamebadili chakula, lakini hawakubadili fikira. Kanisa lina neno la zamani kwa jambo tulitakalo, nalo ni toba. Katika Kigiriki cha Injili neno hilo lina maana ya kugeuza nia, kuyaona mambo kwa macho mapya. Asiyegeuza nia yake hawezi kuigeuza sahani yake kwa muda mrefu.

Nia mpya ni ipi? Ni kujua kwamba mwili huu si mali yetu. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba ni hekalu la Roho Mtakatifu, nao tumekabidhiwa tuutunze. Kwa hiyo hatupunguzi mwili ili tusifiwe mtaani, maana hapo tungeuacha ulafi na kuangukia majivuno. Twaupunguza ili tuweze kufanya kazi ya Mungu, kuwalea watoto wetu mpaka wakue, na kuwaona wajukuu. Mtu ajiulize mbele ya sahani: "Chakula hiki ni cha kunipa nguvu, au ni cha kunituliza huzuni, uchovu na uvivu?" Mara nyingi anayedai mezani si tumbo. Mwenye huzuni aipeleke katika sala au kwa rafiki mwema; hatapona kwa sahani ya pili ya wali.

Kiasi ni mojawapo ya fadhila nne kuu, pamoja na busara, haki na nguvu. Nayo fadhila haishuki kwa siku moja. Hujengwa kwa matendo madogo yanayorudiwa, kama vile haba na haba hujaza kibaba. Wataalamu nao wamelithibitisha hili kwa njia yao. Mwaka 2002 huko Marekani yalitangazwa matokeo ya jaribio lililochukua watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kuingia katika kisukari. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kipimo, kupunguza uzito kwa asilimia 7 tu, na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma. Katika muda wa miaka ipatayo mitatu kundi hilo lilikuwa limepunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58, likawashinda hata waliopewa dawa. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kidogo. Si mlima usiopandika.

Twashauri basi mambo machache, na kila nyumba ianze na moja.

Sala ya kabla ya chakula isisemwe mbio. Mtu atulie, amshukuru Mungu kweli, kisha apakue mara moja na kula polepole. Tumbo huchelewa kupeleka habari za shibe kichwani, nazo huchukua kama dakika 20 kufika. Alaye kwa pupa huwa amekwisha kupita mpaka.

Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, na ugali au wali upewe robo. Wala tusidhani tunahitaji vyakula vya ng'ambo. Mchicha, matembele, kisamvu, mlenda, kunde, maharage na dagaa ni hazina tuliyoachiwa na mama zetu. Dona lina pumba na kiini cha mahindi ambavyo sembe limenyang'anywa, nalo hushibisha kwa muda mrefu zaidi.

Sukari ihesabiwe. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba yafaa sukari ya kuongezwa isizidi vijiko vidogo 6 hivi kwa siku. Vikombe vitatu vya chai yetu vimekwisha kupita hapo, na chupa moja ya soda ya mililita 350 ina vijiko vipatavyo 9. Mtoto apewe maji na tunda, wala soda isiwe zawadi ya kila Jumapili baada ya Misa.

Tutembee. Aendaye kanisani au sokoni kwa miguu hajishushii heshima.

Mambo haya yafanywe na nyumba nzima. Ni dhuluma kumwambia mama apunguze mwili huku baba akidai mafuta yaelee katika mchuzi. Nasi wenye kuandaa arusi, ubatizo na kipaimara tujifunze kupima ukarimu wetu kwa upendo, tusiupime kwa wingi wa masufuria.

Hapa yatupasa kutahadharisha. Anayemeza dawa za kisukari, mama mwenye mimba na anyonyeshaye wasifunge wala kujinyima kabla ya kumwuliza mganga wa hospitali. Tena wako walionenepa kwa ugonjwa, kwa dawa wanazotumia au kwa maumbile waliyozaliwa nayo. Asiwepo mtu wa kuwacheka wala kuwahukumu. Anayemtania mnene mbele za watu ametenda dhambi dhidi ya upendo, na huenda ametenda kubwa kuliko ile ya mezani. Naye aliyeazimia kisha akaanguka, asikate tamaa. Usiku na aitazame siku yake kama tufanyavyo tunapojitafuta dhamiri, akiri kosa, alale, na kesho aanze tena.

Limebaki neno moja, nalo ndilo zito. Uchunguzi uleule wa mwaka 2015 na 2016, uliokuta wanawake 28 kati ya 100 wamezidi uzito, ulikuta pia kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 34 walikuwa wamedumaa kwa kukosa lishe. Ni nchi moja. Pengine ni mtaa mmoja, na hata nyumba moja, ambamo baba hupewa nyama na mtoto hupewa mchuzi. Tunaikumbuka Injili ya tajiri na Lazaro. Tajiri yule hatuambiwi kwamba aliiba, wala kwamba alimpiga maskini. Alikula vizuri kila siku, na asimwone aliyelala mlangoni pake.

Ndiyo maana tangu zamani Kanisa limeunganisha mfungo na sadaka. Kinachopunguzwa katika sahani ya mwenye ziada kina mwenyewe. Fedha ya soda ni yai la mtoto. Kipande cha pili cha nyama ni haki ya mdogo anayekua. Tukila kwa namna hiyo mwili utapona, na mwingine naye atapona pamoja nasi.

Basi wazazi, leo jioni mkiketi kula, tazameni sahani zote za mezani, wala si ile iliyo mbele yenu tu. Aliye na kingi apunguze, aliye na kidogo aongezewe, na wote mmshukuru Mungu. Kiasi kianzie hapo.