Neno Moja, Maana Mbili

Ndugu msomaji, watu wengi hudhani kwamba kinachoharibu kazi ya pamoja ni kutofautiana kwa maoni. Sivyo. Mwenyezi Mungu amewajalia waja Wake akili na ujuzi mbalimbali, na tofauti hiyo ni neema. Kinachoharibu kazi ni kila mmoja kudhani kwamba mwenzake anaelewa kama aelewavyo yeye, kisha asimwulize.

Tazama jambo dogo. Msimamizi mgeni, aliyezoea kuhesabu saa kwa desturi ya Kizungu, anaandika ubaoni: "Kazi itaanza saa 2." Yeye amekusudia mchana, fundi Mswahili amefika asubuhi. Wote wawili ni wakweli, na kazi imekwama.

Wala usidhani kwamba hayo huwapata wasiosoma tu. Tarehe 11 Desemba 1998, Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilirusha chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kwenda kuizunguka sayari ya Mirihi. Kampuni ya Lockheed Martin, iliyokitengeneza, ilitoa hesabu za msukumo wa injini zake ndogo kwa kipimo cha ratili. Waongozaji wa safari huko California wakazipokea kana kwamba ni niutoni. Kumbe ratili moja ya nguvu ni karibu niutoni 4.45! Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilifika kwenye kimo cha kilomita 57 hivi juu ya Mirihi, badala ya kilomita 226 hivi zilizokusudiwa, kikapotea. Na lililo zito zaidi ni hili: tume ya uchunguzi ilieleza kwamba baadhi ya waongozaji walikwisha kuona hesabu hazilingani, lakini shaka yao haikufuatiliwa ipasavyo.

Je, dini yatufundisha nini? Kurani Tukufu inayo sura iitwayo Ash-Shura, yaani Mashauriano, na ndani yake waumini husifiwa kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana. Mtume Muhammad s.a.w. alilitimiza hilo kwa vitendo. Mwaka 627, Madina ilipokabiliwa na jeshi kubwa, yasimuliwa kwamba Salman Mwajemi alishauri lichimbwe handaki, mbinu wasiyoizoea Waarabu. Hakupuuzwa kwa sababu ya ugeni wake. Rai yake ilikubaliwa, na Mtume mwenyewe akachimba pamoja na masahaba zake. Mji ukasalimika.

Basi, ndugu yangu, ukiwa wewe ndiwe mwenye kuamrisha, mwombe uliyemwamrisha akueleze alivyofahamu, wala usione kwamba swali lake ni utovu wa adabu. Na ukiwa mwenye kuamrishwa, ukaona hitilafu, sema mapema na kwa upole. Ujuzi ulionao ni amana. Kuunyamazia mbele ya madhara si heshima kwa mkubwa wako, bali ni kuificha amana hiyo.

Mwenyezi Mungu atujalie ndimi za kweli na masikio yenye subira. Amin.