Ngozi ya Meno

Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kuacha Kifaransa na kufundishia kwa Kiingereza. Kwa uamuzi huo mwanafunzi wa Gashonga, wilayani Rusizi, akajikuta na misemo isiyofunguka kwa kujua maneno yake tu. Mmojawapo husema mtu ameokoka kwa ngozi ya meno, yaani nusura yamkute makubwa. Meno hayana ngozi. Basi maana imekaa wapi? Jibu jepesi ni kamusi; lakini kamusi huandika yale ambayo watu wamekwisha kupatana, haiwapatanishi. Msemo wenyewe umetoka katika Kitabu cha Ayubu, sura ya 19, ukaingia katika Kiingereza kupitia Biblia ya Geneva ya 1560, kisha ile ya Mfalme James ya 1611. Wataalamu wa Kiebrania hadi leo wanabishana Ayubu alikusudia nini, na ubishi huo haujamzuia Mwingereza yeyote kuutumia. Biblia ya Kiswahili ya Union Version nayo imeihifadhi ngozi hiyo, ila Waswahili hawakuipokea: wao huponea chupuchupu, au katika tundu la sindano. Kitabu ni kimoja, na kinaheshimiwa pande zote mbili. Huku aya ikawa msemo, huku ikabaki aya. Kumbe hata neno takatifu halijibebei maana lenyewe. Hubebwa na mapatano ya wanaolitumia.

Muumini atapinga, na ana haki: ikiwa maana ni mapatano, si kila kundi litaigeuza Biblia lipendavyo? Pingamizi hili ni zito kuliko lile jibu la kamusi. Lakini mapatano si matakwa ya mtu; hakuna awezaye kuamua peke yake kwamba chupuchupu ni salama salimini. Tena mapatano yenyewe yanaweza kupimwa kwa chanzo chake. Mwingereza asemaye ameokoka kwa ngozi ya meno kwa kawaida anashusha pumzi, amefaulu mtihani kwa alama moja. Ayubu hakuwa akishusha pumzi. Alikuwa amefiwa na wanawe, ndugu wamemtenga, mifupa imegandamana na ngozi. Alichobakiwa nacho kilikuwa kidogo kiasi cha kutoonekana. Msemo umechukua kuokoka, msiba ukaachwa. Mwanafunzi wa Gashonga aliyemsoma Ayubu kwa Kinyarwanda kwanza anaweza kuutumia msemo huo kumweleza mtu aliyefilisika, naye atakatwa alama, ingawa kosa lake liko karibu na Ayubu kuliko jibu sahihi.