Deni la Lami

Mwezi wa Juni 2013 meli ndogo iitwayo Nesa R3, iliyopakia tani zipatazo 840 za lami kutoka Bandar Abbas, ilizama karibu na Bandari ya Sultan Qaboos, Maskati. Nahodha alifariki. Zaidi ya tani 250 za lami zilimwagika, na takriban kilomita 40 za pwani zikachafuka, kwingine kidogo, kwingine sana. Serikali ya Oman ilisimamia usafishaji. Mwenye meli hakulipa, wala kampuni ya bima yake.

Mkataba wa kimataifa wa 1992 humtwika mwenye meli dhima hata asipozembea. Lakini mkataba huohuo humlazimisha kukata bima pale tu meli yake inapobeba zaidi ya tani 2,000 za mafuta. Ajabu ya sheria hii ni kuwa humwamini zaidi yule ambaye aghalabu hana kitu. Mzigo ukaangukia Mfuko wa Kimataifa wa Fidia, ambao Oman ni mwanachama wake. Mfuko huo haujazwi na serikali. Hujazwa na kampuni zinazopokea kwa njia ya bahari zaidi ya tani 150,000 za mafuta ghafi au mazito kwa mwaka, ziwe Japani, India au kwingineko.

Je, ni haki msafishaji mafuta wa Japani alipie lami ya Maskati? Mafakihi wanayo istilahi ya *aqila*: jamaa wa aliyeua kwa bahati mbaya, ambao hushirikiana kuilipa diya. Mali iliyoharibiwa haimo katika hukumu hiyo. Huilipa mharibifu mwenyewe. Mfuko, basi, umeipa pwani hukumu ya damu. Utetezi wake upo, nao ni kanuni ya mafakihi haohao kwamba hasara huandamana na faida: anayenufaika na mafuta yapitayo baharini na ashiriki katika hatari yake. Hoja hiyo ina nguvu, hasa kwa mvuvi ambaye hawezi kungoja mwenye meli atafutwe kutoka bandari hadi bandari.

Walakini *aqila* humjua jamaa yao. Wanaolipa leo kwa uzembe wake watamkanya kesho, watamzuia, pengine watamnyang'anya upanga. Mchangiaji wa Mfuko hamjui mwenye Nesa R3 wala hana njia ya kumkemea. Hulipa tu, kisha gharama huisambaza katika bei ya petroli.

Aliyekuwa na uwezo wa kukemea ni nchi iliyoiazima meli bendera yake, Saint Kitts na Nevis. Nchi za namna hiyo hutoza ada za usajili na kutoa vyeti, lakini katika mpango huu wa fidia hazidaiwi hata senti. Kama yupo anayestahili kuitwa jamaa, ni huyu, maana meli ilisafiri kwa jina lake. Kumwachia nje ya hesabu ni kosa kubwa kuliko lile la kumtoza Mjapani.

Dai dhidi ya mwenye meli na bima yake lilipelekwa katika mahakama ya Maskati, baada ya Mfuko kuanza kulipa fidia. Fedha za Mfuko zilifidia gharama za kusafisha ufuo; deni la mtenda hazikulifuta.