Jembe la Mwalimu Mgeni

Mwalimu mgeni ni mtu asiyejua mambo ya mahali anapokaa, naye amepewa kazi ya kuwafundisha wanaoyajua. Anayefundisha Kiingereza yuko katika hali hiyo kuliko wengine, kwa sababu kitu pekee anachokijua kuwashinda wenyeji ni lugha aliyozaliwa nayo, ambayo hakuitolea jasho. Jambo hili huonekana wazi zaidi mahali padogo, ambapo mgeni hana pa kujificha. Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, si kisiwa. Hata hivyo mbele yake ni Ziwa Tanganyika, nyuma yake ni milima mikali, na kwa miaka mingi anayetoka Kigoma mjini amefika huko kwa boti ya abiria kutoka Kibirizi, amebanwa kati ya magunia na madumu. Kwa upande wa maisha ya kila siku, hapo ni kisiwani.

Swali linalozaliwa na hali hiyo ni la kidini na la kifalsafa kwa pamoja: mgeni anayefundisha lugha yake anatoa zawadi, au analipa deni? Tofauti si ndogo. Mtoa zawadi huchagua atoe nini na lini, kisha hungojea shukrani. Mwenye deni hana uchaguzi huo, na anayemdai ndiye mwenye haki ya kusema kama amelipwa.

Maisha ya kila siku yanatoa ushahidi upande wa deni. Mgeni anaposhuka ufukoni, kuna mkono unaomshika asianguke majini, na bado hajamjua mwenye mkono huo. Anaonyeshwa pa kulala na pa kuteka maji. Anafundishwa, mara nyingi na watoto, kwamba mtu mzima hupewa shikamoo, na kwamba asubuhi Waha husalimiana kwa mwakeye. Hajui kuchagua dagaa waliokaushwa juu ya chanja akawaacha waliokaushwa chini wenye mchanga, mpaka mama muuzaji amwambie. Hajui kwa nini katika siku za mbalamwezi dagaa wabichi huadimika, mpaka mvuvi amweleze kwamba dagaa hufuata taa gizani, na mwezi ukiwaka taa hazina nguvu tena, basi watu hupumzika na kushona nyavu. Kufikia siku anaposhika chaki kwa mara ya kwanza, mwalimu huyu ameshakuwa mwanafunzi wa kijiji kizima.

Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hutumiwa sana kumsuta anayekaa akila bila kufanya kazi. Lakini ina upande mwingine, nao ni wa heshima. Anayepewa jembe ametolewa katika hali ya ugeni akahesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Tena jembe ni la mwenyeji, na shamba ni la mwenyeji. Mgeni analeta mikono tu.

Abu Hamid al-Ghazali aliutazama ualimu kwa jicho lililo karibu sana na hilo. Mwaka 1095 aliacha kiti chake katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, mojawapo ya nafasi zenye heshima kubwa katika ulimwengu wa Kiislamu wa wakati ule, baada ya kuitilia shaka nia yake mwenyewe ya kufundisha. Katika kitabu chake kikuu, Ihya Ulum al-Din, anaorodhesha wajibu wa mwalimu. Wa kwanza ni kumhurumia mwanafunzi kama mwanawe. Wa pili ni kutotaka ujira wala shukrani kwa elimu anayoitoa, na hapo analeta mfano wa shamba: mwanafunzi ni kama mtu aliyekuazima ardhi yake upande mbegu kwa faida yako, na faida yako inazidi ya mwenye ardhi. Alikuwa akizungumzia elimu ya dini na thawabu za akhera, si sarufi ya Kiingereza. Hata hivyo mfano wake unageuza jambo zima. Aliyefadhiliwa darasani ni yule aliyesimama mbele.

Karne 7 kabla yake Augustino wa Hippo aliligusa swali hilohilo kwa njia nyingine. Katika majadiliano yake na mwanawe Adeodatus kuhusu mwalimu, aliyoyaandika yapata mwaka 389, anashikilia kwamba maneno ni ishara tu, na ishara haimfundishi mtu kitu asichokuwa na njia ya kukijua. Mwalimu wa kweli, kwake, ni Kristo akaaye ndani ya mtu. Hoja hii inaeleweka vizuri sana kando ya Ziwa Tanganyika. Mtoto wa mvuvi huwajua dagaa, mgebuka, kuhe na sangala kwa umbo, kwa ladha, kwa bei na kwa wakati wa kuwapata. Mwalimu mgeni humletea neno moja la Kiingereza la kuwataja wote. Mwalimu ana jina, mtoto ana kitu chenyewe. Somo hufanikiwa pale tu mtoto anapolichukua lile jina na kulitia ndani ya ujuzi alio nao tayari, na kazi hiyo hakuna awezaye kumfanyia.

Ipo hoja kali dhidi ya kuja kwenyewe. Tarehe 20 Aprili 1968, mjini Cuernavaca, Mexico, padre na mwanafalsafa Ivan Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliojitolea kufanya kazi vijijini wasije tena kusaidia. Alisema nia njema yao ni namna ya kujilazimisha kwa watu, na kwamba hawakuweza hata kuzungumza na wale waliodai kuwahudumia. Waje kutazama na kujifunza, alisema, wala wasije kuokoa. Tanzania ililipitia swali hilo kwa njia yake. Wafanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps ya Marekani walianza kufika Tanganyika mwaka 1961, na baadaye wengi wao wakawa walimu. Mwaka 1967 likaja andiko la Mwalimu Julius Nyerere la Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1969 Peace Corps wakaondoka, wakarudi mwaka 1979.

Illich yuko sahihi kabisa kuhusu zawadi. Kuhusu deni hoja yake inapungua nguvu, maana deni halifutwi kwa mdaiwa kurudi kwao. Na shamba la Kiingereza nchini Tanzania halikubuniwa na mgeni anayeshuka leo kutoka kwenye boti. Mtoto wa Mwamgongo huanza maisha kwa Kiha. Akiingia darasa la kwanza hukutana na Kiswahili, na akifika Kidato cha Kwanza fizikia na jiografia zinamjia kwa Kiingereza, kwa kishindo. Upo mjadala mzito, na wa haki, kama utaratibu huo unafaa. Lakini mtoto aliyekwisha kufika kidato hicho hawezi kungoja mjadala uishe, na anayemsaidia kuvuka anafanya kazi iliyoombwa. Nyerere mwenyewe, aliyekiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, alionyesha namna ya kuvuka na kurudi na mzigo: tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Kiswahili kikatajirika.

Tena Kiswahili nacho kiliwahi kuwa mgeni hapa. Kilifika Ujiji na misafara ya karne ya 19, pamoja na biashara ya pembe na ya watu, na pia pamoja na walimu wa Kurani. Kwa hiyo lugha ngeni si lazima iwe adui. Swali ni inaingiaje. Kurani, katika Surat Ar-Rum, inazihesabu tofauti za ndimi na rangi za watu kuwa miongoni mwa ishara za Mungu. Biblia ina Babeli, ambako lugha zinavurugwa, lakini ina pia Pentekoste katika Matendo ya Mitume, na hapo inafaa kusoma polepole: umati haufundishwi lugha ya mitume, bali kila mtu anasikia kwa lugha ya kwao. Shule inayomwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya mama yake, kama Ngũgĩ wa Thiong'o alivyosimulia kuhusu Kenya ya ukoloni katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, inakwenda kinyume cha Kurani na cha Matendo ya Mitume kwa pamoja. Mwalimu mgeni anayeshiriki jambo hilo anaichoma ardhi aliyoazimwa.

Ziwa hili lina mfano wa zamani wa mgeni aliyefundisha kisiwani hasa. Baharia Edward Coode Hore alifika Ujiji mwaka 1878 pamoja na msafara wa London Missionary Society. Mwanzoni mwa 1885 mkewe, Annie, akawasili na mtoto wao mdogo, baada ya wapagazi kumbeba kwenye kiti kutoka pwani. Wakakaa Kavala, kisiwa kilicho karibu na ufuko wa magharibi, ambao leo ni wa Kongo, na huko Annie akawafundisha wasichana. Kisiwa kiliwapa usalama katika miaka ya hatari. Lakini kisiwani wenyeji ndio wanaomfuata mgeni, kwa masharti yake, na ni rahisi kwake kuamini kwamba yeye ndiye anayetoa. Ukweli ni kwamba kabla Annie Hore hajamwonyesha msichana mmoja herufi, alikuwa ameshabebwa zaidi ya kilomita 1,000 mabegani mwa watu. Mwaka 1888 familia hiyo ikaondoka ziwani.

Kuondoka ndiko kunakobaki kuelezwa. Mwalimu wa kujitolea kwa kawaida huja kwa muda unaojulikana, miaka 2 katika Peace Corps, na wanafunzi wanaijua tarehe hiyo kama yeye. Aliyoyapokea hawezi kuyarudisha: salamu, majina ya samaki, mkono wa ufukoni. Anachoweza kurudisha ni jembe, na anayestahili kulipokea ni mwalimu mwenyeji wa chumba cha pili, ambaye naye alijifunza Kiingereza shuleni kama wanafunzi wake, na kwa hiyo anayajua magumu ya njia hiyo kuliko mgeni aliyezaliwa na lugha hiyo. Ikiwa wawili hao wameandaa masomo pamoja, wakasahihisha pamoja, na mgeni akakubali kurekebishwa, basi siku boti inapomchukua kwenda Kibirizi kipindi cha Kiingereza kilichoandikwa kwenye ratiba kinafundishwa saa ileile. Ikiwa alifundisha peke yake, wanafunzi hukaa darasani siku hiyo bila mwalimu.