Kurudia Bila Kunakili

Tukisema "wimbo ule ule", tunamaanisha nini hasa? Swali laonekana jepesi mpaka mtu akutane na bendi iliyopiga nyimbo zile zile mamia ya mara huku vinasa sauti vikizunguka karibu kila usiku. Bendi hiyo ni Grateful Dead ya California. Ilianza mwaka 1965 na ikapiga onyesho lake la mwisho katika uwanja wa Soldier Field, Chicago, tarehe 9 Julai 1995. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Agosti, mpiga gitaa na mwimbaji wake Jerry Garcia akafariki dunia. Katika miaka hiyo 30 walipanda jukwaani zaidi ya mara 2,300, na sehemu kubwa ya maonyesho hayo imehifadhiwa. Ndiyo bendi niipendayo kuliko zote. Kuzisikiliza kanda zake kwa mfululizo wa miaka kumenishawishi kwamba kurudia na kunakili ni mambo mawili tofauti, na kwamba tukiyachanganya tunapotea katika mengi zaidi ya muziki.

Inafaa kwanza kujua kanda hizi zilitoka wapi. Owsley Stanley, fundi wa sauti wa miaka ya mwanzo, alirekodi ili ajikague: asikie kama sauti alizozichanganya jana zilikaa sawa. Baadaye Betty Cantor-Jackson alirekodi kwa ustadi ambao wapenzi wa bendi wanausifu hadi leo. Mashabiki nao waliingia ukumbini na maikrofoni zao, na badala ya kuwafukuza, mwaka 1984 bendi ikawatengea sehemu yao maalumu. Desturi ilikuwa moja: kanda hubadilishanwa, haziuzwi. Kwa hiyo mkusanyiko huu haukukusanywa na mtu aliyekuwa akichambua kipi kinafaa kupelekwa sokoni. Usiku mbovu umehifadhiwa bega kwa bega na usiku mwema, na hapo ndipo ilipo thamani yake kwa mtu anayetaka kufikiri.

Chukua wimbo "Dark Star". Santuri yake ya mwaka 1968 haifiki dakika 3. Tarehe 27 Februari 1969, katika ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, waliupiga kwa dakika 23. Huko Rotterdam, Mei 1972, ulivuka dakika 45. Upi kati ya hizo ndio wimbo wenyewe? Mfuasi wa Plato atasema wimbo halisi uko juu ya yote hayo, nayo maonyesho ni vivuli vyake. Lakini ukiondoa kila kinachobadilika, unabaki na vipande vichache vya sauti na beti mbili za mtunzi Robert Hunter. Hakuna aliyevuka majimbo kufuata masalio hayo. Mwingine atasema hakuna wimbo kabisa, kuna nyakati nyingi zilizopewa jina moja. Naye hakusikiliza vizuri. Gitaa la Garcia na besi ya Phil Lesh vikienda mbali, vikapotea kwa dakika nyingi, kisha vikaigusa tena sauti ya mwanzo, msikilizaji anajua wamerejea. Kama hakuna kitu kinachotunzwa, wamerejea wapi?

Jibu langu ni kwamba wimbo ni kitu cha kutimizwa. Mwislamu husoma Al-Fatiha mara 17 kwa siku katika sala za faradhi, na hakuna asemaye kwamba ya adhuhuri ni nakala ya ile ya alfajiri. Kila moja ni kamili kwa nafasi yake, na inapimwa kwa khushuu ya anayesali, wala haipimwi kwa kufanana na iliyotangulia. Sisemi kwamba muziki ni ibada. Nasema kwamba tayari tunaishi na mfano ulio wazi wa maneno yanayorudi bila kuchakaa, na mfano huo unatufungulia mlango. Grateful Dead hawakuwa wakiiga "Dark Star" ya jana. Walikuwa wakiitimiza ya leo.

Mwaka 1843 Søren Kierkegaard aliandika kitabu juu ya kurudia. Msimulizi wake anasafiri tena hadi Berlin ili aone kama jambo laweza kurudiwa: anatafuta nyumba ile ile na ukumbi ule ule wa michezo, na kila kitu kinamponyoka. Ninavyomwelewa, alishindwa kwa sababu alikwenda kuitafuta jana. Sisi wapenzi wa kanda tunakabiliwa na mtego huo huo, na jina lake ni Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, tarehe 8 Mei 1977. Wengi huuita usiku bora wa bendi hii, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeiingiza rekodi hiyo katika orodha ya sauti za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Naupenda sana. "Scarlet Begonias" inapoyeyuka na kuwa "Fire on the Mountain", hakuna mshono unaousikia. Lakini ukiufanya kipimo, nyakati nyingine zote zinageuka kuwa Cornell zilizoshindwa. Kesho yake bendi ilikuwa Buffalo, ikipiga orodha nyingine ya nyimbo. Wao hawakujua kwamba wamekiacha nyuma kilele, na kutojua huko ndiko kulikowaweka huru kupiga.

Septemba 1978 walipiga kwa siku tatu chini ya piramidi za Giza, Misri. Mpiga ngoma Bill Kreutzmann alikuwa ameumia mkono, na piano haikukaa sawa. Rekodi zilionekana hazifai, zikawekwa kabatini hadi mwaka 2008. Mimi nazithamini. Mwanamuziki Mnubi Hamza El Din anaanza na wenzake kwa kuimba na kupiga makofi, kisha wanabendi wanaingia mmoja mmoja, wakiutafuta mdundo usio wao. Unawasikia wakijifunza. Nakala huweza kufifia, kukwaruzika au kukatika, lakini haiwezi kukosea. Kukosea ni kwa yule aliyejaribu. Kila palipo na urudiaji wa kweli, pana hatari ya kushindwa, na kuikubali hatari hiyo ni sehemu ya uaminifu kwa wimbo.

Kuna pingamizi zito: kanda yenyewe si nakala? Kosa la Giza litarudi vile vile kila nitakapobonyeza kitufe. Ni kweli. Rekodi moja huugandisha wimbo, na aliye na moja tu huishia kuamini kwamba hiyo ndiyo wimbo. Lakini rekodi mia za wimbo mmoja hufanya kinyume chake. Kila moja inaiondolea nyingine madaraka, hadi wimbo unarudi mahali pake, ndani ya wakati. Mkusanyiko unaponya kilichojeruhiwa na kanda moja moja.

Bado msikilizaji ana wajibu. Katika onyesho la mwisho la Chicago, Garcia anaimba "So Many Roads" kwa sauti iliyochoka. Mimi najua amebakiwa na mwezi mmoja, yeye hajui. Ni rahisi kuujaza usiku ule maombolezo yangu na kumfanya aimbe kwaheri ambayo hakukusudia. Kumsikiliza kwa haki ni kumrudishia kesho aliyoamini kuwa anayo, na kusikia mtu aliyekuwa akiutafuta wimbo kwa mara nyingine kati ya mara nyingi.

Basi kitu hai hakibaki kuwa kile kile kwa kufanana na jinsi kilivyokuwa. Kinabaki kwa uaminifu, nao uaminifu hauna budi kuanza upya kila mara. Mwalimu anayefundisha somo lile lile kila mwaka anaweza kulinakili au kulirudia, na wanafunzi huitambua tofauti kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Akilinakili, amejilinda asishindwe, na kwa kujilinda huko amewanyima somo. Akilirudia, huenda leo likamshinda mbele yao. Lakini hiyo ndiyo njia pekee ambayo kwayo somo, au wimbo, unaweza kuendelea kuwa hai.