Ufupi wa Bango na Amana ya Ukweli

Bango la utafiti ni karatasi inayotundikwa ukutani katika mkutano wa wataalamu ili kueleza, kwa maneno machache na michoro, kazi iliyochukua miezi au miaka. Aghalabu upana wake ni sentimita 84 na urefu wake sentimita 119. Juu ya kipande hicho yapasa yaonekane swali, njia, jibu, na mipaka ya jibu. Msomaji wake hakuketi kitini. Amesimama, ana haraka, na mabango mengine yanamwita. Hali yake yafanana na ya abiria wa kivuko cha Kamanga, Mwanza, aliyebeba mzigo huku chombo kikikaribia gati. Abiria huyo hasomi kitabu. Hutazama kibao cha nauli na saa za safari, akapata alitakalo, akaenda zake. Kibao kikimdanganya, atabaki ufukoni.

Kwa sababu hii ufupi ni sharti la bango. Kichwa na kisomeke kwa mtu aliye hatua kadhaa mbali. Jibu kuu na litangulie. Njia ya utafiti na ielezwe kwa uchache. Kila mchoro na uwe na jina na kipimo chake. Rangi zisiwe nyingi, na nafasi tupu iachwe ili jicho lipumzike. Bango lililosheheni maneno ni gunia lisilofungika: ukilinyanyua, vilivyomo humwagika.

Lakini kufupisha ni kuacha, na kuacha ni kuchagua. Hapo swali la ufundi lageuka kuwa swali la maadili: je, mtu aweza kudanganya kwa maneno yaliyo kweli tupu?

Mfano tunao Mwanza penyewe. Tangu 1991 hata 1994, wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wa AMREF, na wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walifanya utafiti katika jamii 12 za vijijini mkoani humo. Katika jamii 6 matibabu ya magonjwa ya zinaa yaliboreshwa vituoni: watumishi walifundishwa na dawa zilipelekwa kwa utaratibu. Jamii 6 nyingine zililinganishwa nazo. Baada ya miaka 2, katika kila watu 1,000, walioambukizwa upya virusi vya UKIMWI walikuwa kama 12 upande wa kwanza na kama 19 upande wa pili. Matokeo yalichapishwa 1995. Hesabu iliposawazishwa, upungufu ulikuwa asilimia 42.

Tazama sasa mtihani wa mtengeneza bango. Akiandika kwa herufi kubwa "asilimia 42", amesema kweli. Akiandika "watu 7 katika 1,000", amesema kweli pia. Kauli ya kwanza huinua moyo. Ya pili huutuliza. Aonyeshaye moja na kuficha nyingine hakutamka uongo, lakini amemshika msomaji mkono na kumpeleka atakako yeye. Tena hesabu ile ile ilionyesha kwamba upungufu wa kweli waweza kuwa popote kati ya asilimia 21 na 58. Mpaka huo ni sehemu ya jibu, si pambo lake.

Mwaka 1999 yalitolewa matokeo mengine kutoka Rakai, Uganda, upande wa magharibi wa ziwa lilo hilo. Huko watu wazima walipewa dawa majumbani kila baada ya miezi 10 hivi, wawe na dalili au wasiwe nazo. Maambukizo ya virusi hayakupungua. Je, mmoja alidanganya? La. Njia za tiba zilikuwa mbali mbali, na huko Rakai ugonjwa ulikuwa umeenea zaidi na kukaa zaidi. Aliyechukua kutoka Mwanza tarakimu peke yake alifadhaika. Aliyechukua tarakimu pamoja na hali zake alipata swali jipya la kujifunza.

Labda patakuwa na mtu atakayesema kwamba bango si kitabu; atakaye mengi na amwulize mtafiti aliyesimama kando yake. Hoja hii ina nguvu, lakini haitoshi. Wapitao ni wengi kuliko waulizao. Wakiondoka, wachukuacho ni tarakimu kubwa, nayo husafiri bila mlinzi mpaka mezani pa wapangao fedha za dawa. Basi sharti la tarakimu na liandikwe karibu nayo, kwa herufi zisomekazo, si pembeni kwa herufi za sisimizi.

Tena yuko msomaji mmoja ambaye aghalabu hafiki ukumbini: mwanakijiji aliyenyosha mkono akatolewa damu. Bango halikutengenezwa kwa lugha yake, wala hakualikwa. Hata hivyo lina deni kwake. Mtengeneza bango na ajiulize kama angethubutu kumsomea mtu huyo kila mstari, na kumwambia yaliyoachwa na sababu ya kuachwa kwake. Akiona haya, bango halijakamilika, hata likiwa zuri namna gani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ufupi wa bango usiwe wa njia hiyo. Na uwe ufupi wa kivuko: safari ndogo, lakini imfikishayo mtu ng'ambo aliyoahidiwa.