Nani Aliubeba Mzigo

Wanangu, na ninyi wajukuu zangu mnaofundisha hapa Mafia, Kilindoni, Kirongwe, Baleni na Jibondo, na ninyi mlioko Dar es Salaam mnaowatumia wadogo zenu vitabu kupitia Nyamisati: naona watoto wetu wameshikwa na hadithi za zama za kale. Mapanga, ngome, wafalme, askari wa farasi waliovaa chuma mwili mzima, mazimwi yatemayo moto. Wengine wanazisoma kwenye simu hadi chaji inaisha. Nafurahi. Mtoto anayekosa usingizi kwa ajili ya kitabu ni neema ndani ya nyumba, na sitaki mtu amnyang'anye.

Ila nina neno na ninyi mnaowachagulia. Mtoto akisoma kisa cha kondakta wa daladala, anaweza kukipima. Kaka yake amewahi kufika mjini, atamwambia hapa mtunzi amesema kweli na hapa ametia chumvi. Akisoma kisa cha miaka 700 iliyopita hana pa kukipimia. Alichosoma ndicho kinachogeuka kuwa zamani yenyewe kichwani mwake, na atakaa nacho mpaka uzeeni. Kwa hiyo anayemchagulia mtoto riwaya ya namna hii anamchagulia mababu. Jambo hilo halitaki haraka, wala halitaki kuangalia picha ya jalada tu.

Nianzie karibu na kwetu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa. Mtawala wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Msafiri huyo anasimulia jambo aliloliona kwa macho yake. Sultani alikuwa ametoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka sasa hivi. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nyingine, akamwita fakiri achukue zake. Fakiri akazifunga, akajitwika kichwani, akaenda zake. Watu wakamsifu Sultani kwa unyenyekevu ule. Mwanawe, aliyekuwa mrithi wake, akazikomboa zile nguo kwa fakiri: akampa watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaamuru aongezewe watumwa 10 wengine na mizigo 2 ya pembe za ndovu.

Ni kisa kizuri. Mtunzi yeyote mwenye akili angekitamani kwa sura ya kwanza ya riwaya, na mtoto angekisoma akatabasamu. Sasa nawaomba mkisome tena, mara hii mkiwatazama wale 20. Wamesimama wapi wakati nguo zinakombolewa? Nani kati yao ana mama anayemtafuta huko bara? Ibn Battuta huyohuyo anatuambia kwamba Sultani alikuwa akienda mara kwa mara kuvamia nchi za Zanji na kurudi na ngawira. Kwa hiyo ukarimu ule ulikuwa na mahali ulikotoka. Sisemi Sultani hakuwa mcha Mungu, wala sisemi msafiri ametudanganya. Nasema kisa kilekile, chenye watu walewale, kinaweza kumfunza mtoto kupenda wema, na kinaweza kumfunza kwamba watu 20 ni chenji ya kanzu. Tofauti iko kwa mtunzi, amesimama wapi anaposimulia.

Hilo ndilo ninalotaka mlitafute kila mnaposhika riwaya ya zama za kale: nani anaubeba mzigo, na je, mtunzi amemwona? Ana jina? Ana njaa, ana hasira, kuna kitu anakitaka? Au yupo tu ili mlango wa mfalme ufunguke?

Watu hudhani ninasema haya ili kuvikataa vitabu vya Wazungu. Sivyo. Chukueni Ivanhoe, riwaya ya Walter Scott ya mwaka 1819, ambayo imefupishwa mara nyingi kwa ajili ya wanafunzi. Ni Uingereza ya karne ya 12: mashindano ya mikuki, ngome inayochomwa moto, mfalme aliyejificha. Lakini tazameni inavyoanza. Kabla hatujamwona shujaa hata mmoja, tunakutana msituni na mchunga nguruwe aitwaye Gurth, na shingoni ana pete ya shaba iliyofungwa isivulike, imeandikwa jina la bwana wake. Mtoto wa Mafia akisoma hapo anajua kwamba hata hao wenye ngozi nyeupe walifungana pete shingoni wao kwa wao, na anajua kwamba Gurth ana maoni yake kuhusu mambo ya wakubwa. Baadaye Gurth anapewa uhuru, na furaha yake ni moja ya furaha za kweli katika kitabu kile. Yumo pia Rebecca, binti wa Kiyahudi, anayetibu majeruhi halafu anashitakiwa uchawi. Scott alikuwa na makosa yake ya historia, na ugomvi wa makabila mawili ya Uingereza aliukuza kuliko ulivyokuwa. Lakini macho yake yalifika chini. Kitabu hicho mpeni mtoto bila wasiwasi, ila mkitafuta nakala iliyofupishwa mhakikishe Gurth hakukatwa. Wafupishaji hupenda kuanza na farasi.

Na kwetu tunaye Saada. Kila mtoto wa pwani anamjua Fumo Liyongo, jitu lenye nguvu, mshairi, aliyeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913, na tangu hapo kisa kimerudiwa kwa tamthilia na vitabu vya watoto. Liyongo alipofungwa gerezani, aliokolewa na tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa makapi. Mama yake aliuoka, lakini aliyeubeba akapita nao mbele ya walinzi ni kijakazi, Saada. Walinzi wangeuvunja ule mkate, Liyongo angebaki gerezani, na Saada sijui angefanywa nini. Yeye ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote siku ile, maana hakuwa na ukoo wa kumlilia. Mkimpata mtunzi aliyempa Saada kurasa zake, akatuonesha mkono unavyotetemeka chini ya ule mkate, kinunueni kitabu hicho hata kama karatasi ni mbaya na picha zimefifia. Mkikuta Saada ametajwa kwa sentensi moja na Liyongo amepewa sura kumi za misuli, mjue kisa kimepunguzwa.

Sisi wa rika langu tulikulia mikononi mwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha Rider Haggard cha mwaka 1885 ambacho Frederick Johnson alikitia Kiswahili, kikatoka mwaka 1929. Kiswahili chake ni kitamu, na kisa kinakimbia. Lakini humo wasafiri Waingereza wanafika ndani ya Afrika, wanakuta barabara kuu ya kale na masanamu makubwa ya mawe, na fikira zao zote zinakimbilia kwamba waliojenga ni wageni wa zamani waliopita. Ni fikira iliyokuwa imeenea wakati ule kuhusu magofu ya Zimbabwe, na ilikuwa uongo. Zimbabwe Kuu ilijengwa na Waafrika wa palepale. Dhahabu ya nchi ile ilishuka Sofala, ikapanda na pwani mpaka Kilwa, na sarafu ya huyuhuyu al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa ndani ya magofu yale. Mwisraeli wa kale hakuhusika. Na humohumo kitabuni kijana Khiva anakufa kwa tembo akimwokoa bwana wake. Wanamlilia kidogo, safari inaendelea. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kukisoma, tena akisome, ila akiwa na mtu mzima wa kumwuliza: ni nani aliyetuambia kwamba mawe haya si yetu, na alipata faida gani kwa kusema hivyo?

Nimetaja mawe. Riwaya hupenda kusema Sultani alijenga kasri. Husuni Kubwa pale Kilwa, yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe 8 juu ya genge la bahari, haikujengwa na mtu mmoja. Wazee wa Mafia tunajua chokaa inavyopatikana, kwa maana tuliiona ikichomwa kabla bahari yetu haijawa Hifadhi mwaka 1995. Mtu anaingia majini maji yakiwa yametoka, anavunja tumbawe kwa mtaimbo, anakatwa miguu. Tumbawe linabebwa likiwa bado linanuka uhai, linapasuliwa, linaanikwa. Magogo yanapangwa duara, safu juu ya safu, matumbawe yanakaa juu, moto unatiwa, na moshi wake ukikuingia kifuani unakohoa siku kadhaa. Ukipata majivu meupe ndiyo unaanza kuyalowanisha. Mtunzi anayejua hayo ataandika kasri kwa namna nyingine kabisa, na mtoto wa Bwejuu au Chole atashangaa kumkuta babu yake ndani ya kitabu cha wafalme.

Kuna la damu, ambalo walimu vijana mnaniuliza sana. Je, mtoto asomeshwe ukatili wa zama zile? Jibu langu liko hapa nyumbani. Wazee husimulia ugomvi wa miji yetu miwili, Kisimani na Kua. Siku ya kushua chombo, watu wa Kisimani waliwakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, chombo kikapita juu yao kuingia majini. Kua wakanyamaza. Miaka ikapita, wakawaalika wenzao harusini, wakawakaribisha chumba cha chini, wakawapa chakula, kisha wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, na mlango ukajengwa kwa mawe. Wapo wanaosimulia kinyume, kwamba waliotangulia kudhulumu ni wengine. Kisimani leo sehemu kubwa imeliwa na bahari, na Kua ilivamiwa na Wasakalava wa Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, magofu yake yakabaki Juani kati ya mibuyu.

Mimi nilisikia kisa hicho nikiwa mdogo, na hakikuniharibu, kwa sababu walionisimulia waliumia wakisimulia. Bibi zetu hawakukishangilia kisasi. Hicho ndicho kipimo cha damu. Kipo kitabu kisichochinja hata kuku, lakini kinamfundisha mtoto kwamba wapo watu ambao kufa kwao si habari, hicho kiogopeni. Na kipo chenye vita kuanzia ukurasa wa kwanza, ila kila anayeanguka ana mtu anayemngoja nyumbani. Mtoto wa darasa la tano msome naye, mkiwa wawili. Aliyefika sekondari mwacheni peke yake, lakini kesho yake mwulizeni nani alimhuzunisha. Asipokuwa na jibu, tatizo linaweza kuwa la kitabu wala si la mtoto.

Sasa niwaonye juu ya hatari ambayo inakuja na sura ya kheri. Tangu watu waanze kujivunia Kilwa, na ni haki yao kujivunia, hasa baada ya UNESCO kuitambua mwaka 1981, vimeanza kupendwa visa vya masultani wa Kishirazi, hariri, uvumba na sahani za China. Tunaambiwa sarafu za Kilwa ziliokotwa mpaka visiwa vya kaskazini ya Australia mwaka 1944, na ni kweli ziliokotwa. Zimeokotwa kwa wingi hata Kisimani kwetu. Lakini fahari hiyo ikimwishia mtoto kwenye kiti cha enzi, imempa nusu ya ukoo. Kisiwa hiki kina kizazi cha waliotawala na kizazi cha walionunuliwa ili wapande minazi ya matajiri wa Chole, na nyumba nyingi zina vyote viwili hata zisiposema. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Wapo watu hai waliolelewa na waliozaliwa utumwani. Mwalimu anayesoma darasani riwaya ya kumtukuza bwana peke yake, anamwambia mtoto wa dawati la nyuma kwamba babu yake hakuwapo. Afadhali Kusadikika ya Shaaban Robert, ambayo haidai kuwa historia: humo mshitakiwa Karama anasimama mbele ya mfalme na kuwataja mmoja mmoja wajumbe waliotumwa mbali, wakarudi na mema, wakatupwa gerezani. Mtoto akimaliza hapo hawezi kumtazama mfalme yeyote wa hadithini kwa macho ya mwanzo.

Rafu zetu bado zina upungufu wa riwaya za vijana zinazokaa ndani ya karne zile za Kilwa na Kisimani, zikisimuliwa kutoka pwani ya mchanga badala ya kibarazani mwa mkubwa. Zitaandikwa na ninyi. Mnao msichana anayesuka kamba za kumbi za kushonea mtepe, mnaye mtoto wa kuchota maji kwenye birika la Husuni, mnaye baharia wa Mafia anayerudi kutoka Sofala na dhahabu isiyo yake. Mkiandika, kabla hamjaupeleka mswada kwa mchapishaji, upelekeni Jibondo mkawasomee mafundi wa majahazi wakiwa kazini. Watawasimamisha kila mtakapoweka mkuku pasipo mahali pake, au taruma likatangulia ubao, au kalafati ikatiwa na mtu ambaye hajawahi kushika nyundo, na watawaambia pia ni watu wangapi walihitajika kukishua chombo kama hicho, na walikuwa wakiimba nini.